Mashavu ya Mwinjilisti

Kijiji cha Tlangmual kilikuwa na kaya sitini na mbili, makanisa mawili na mpagani mmoja. Mpagani mwenyewe alikuwa Pi Ngun Cer, bibi wa miaka themanini na ushei, ambaye nyumba yake ilikuwa katikati ya mteremko, baina ya Kanisa la Juu na Kanisa la Chini. Kila Jumapili alisikia nyimbo mbili kwa mpigo, na alisema zote ni nzuri ila zinakanyagana miguu.

Zamani kanisa lilikuwa moja. Liligawanyika kwa sababu ya ngoma. Wengine walitaka ngoma ya wahenga iingie ibadani, wengine wakasema ngoma ile ni ya mashetani, na kwa kuwa wote walikuwa ndugu, walirushiana viti. Walioipenda ngoma wakapanda nayo juu, walioichukia wakabaki chini na viti. Tangu siku hiyo kila upande uliuombea upande wa pili, kwa sauti kubwa, madirisha yakiwa wazi.

Sasa mwaka huo injili ilikuwa inatimiza miaka mia tangu ifike kwenye vilima vile vya kabila la Wachin. Wageni wangekuja kutoka mjini. Mzee Van Hmung, au Pu Van Hmung kama walivyomwita, mwenyekiti wa wazee wa Kanisa la Chini, alikuwa ameshaandika hotuba yake, na ndani yake mlikuwa na sentensi aliyoipenda kuliko zote: kwamba Tlangmual hakuna nafsi hata moja iliyobaki gizani. Kilichoiharibu sentensi hiyo ni Pi Ngun Cer. Basi akamwita Mwinjilisti Hrang Kio.

"Una miezi mitatu," alimwambia. "Yule bibi abatizwe. Tena abatizwe na sisi, maana nasikia wa juu nao wanamnyemelea."

"Pu, roho ya mtu si kwale hata inyemelewe."

"Wewe nenda tu."

Hrang Kio alikuwa na miaka arobaini na mbili, shingo nene kama kigogo, na masikio yaliyovunjikavunjika kwa mieleka. Ujanani hakuna bonde alilokosa kushindana, na hakuna bonde aliloshindwa. Siku moja alimbwaga kijana wa kijiji cha jirani, mfupa wa bega ukalia kama kuni kavu, na kijana yule hakuinua tena mkono wa kulia juu ya kifua. Hrang Kio alikaa wiki nzima bila kula, kisha akaokoka. Akaenda chuo cha Biblia miezi tisa, akarudi akihubiri upole. Watu walikuja kwa wingi kusikia ushuhuda wake. Walisikiliza kwa makini habari za mieleka, nani alikamatwa wapi na kuangushwa vipi, na alipofika kwenye wokovu wakaanza kusinzia.

Alikwenda kwa Pi Ngun Cer siku ya Jumanne na mzigo wa kuni mgongoni. Bibi alikuwa amekaa barazani na kiko mdomoni, mbele yake mtungi wa pombe ya ulezi na mrija wake.

"Umeniletea kuni au umeniletea Yesu?" akamuuliza.

"Vyote, bibi."

"Kuni weka pale. Huyo mwingine mwache kwanza apumzike, kilima ni kirefu."

Hrang Kio akacheka, akaketi. Bibi alipompa mrija akakataa kwa adabu, akaomba maji. Kisha akaanza somo lake kama alivyofundishwa chuoni, tangu Adamu. Bibi alimsikiliza mpaka Nuhu, halafu akatoa kiko mdomoni.

"Ngoja nikuulize. Babu yangu alikuwa na vichwa vinne vya watu ukutani kwake. Wakaja wazungu na bunduki, wakachoma kijiji, wakachoma na ghala za mahindi, watu wakafa njaa. Baada ya miaka michache wakaja wazungu wengine, hao wapole, na dawa ya macho, wakasema kuua ni dhambi. Babu akawauliza, 'Hao wenzenu wa kwanza mmeshawaambia?' Wakamjibu, lile ni jambo la serikali. Wewe umesoma. Babu yangu angejibiwa nini?"

Hrang Kio alitafuta kichwani. Katika miezi tisa ya chuo swali hilo halikugusiwa.

"Sijui, bibi."

"Eh." Bibi alimtazama upya. "Miaka yote hii wanakuja hapa, wewe ndiye wa kwanza kutojua. Njoo na Jumanne ijayo."

Akawa anakwenda kila Jumanne. Alimpasulia kuni, akamzibia paa, akamsomea visa vya Biblia. Bibi alipenda vya vita na vya mabishano, na hakuwa na subira na nyaraka. Wiki ya sita ndipo Hrang Kio alipomuuliza kwa nini, katika kijiji kizima, yeye peke yake hakuwahi kuingia kanisani.

"Nilitaka kuingia," bibi alisema. "Mwaka ule wa mkutano wa uamsho nilikuwa nimeshafua na nguo. Hukuambiwa habari ya fahali wangu?"

Hakuwa ameambiwa. Bibi akamweleza bila kupandisha sauti. Alikuwa na sia mmoja, ng'ombe wa kilimani, fahali mweusi, miguu myeupe kama amevaa soksi, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Sia hafungwi zizini, huzurura msituni na kuja mwenyewe kulamba chumvi. Huyu alikuja kila mwezi mwandamo, akalamba chumvi kiganjani mwa bibi. Mwezi mmoja hakuja. Bibi alimkuta bondeni amechunwa, kimebaki kichwa na kwato. Aliyempiga gobori ni Van Hmung, kijana wakati huo, aliyekuwa na karamu ya arusi na hakuwa na nyama.

"Kijiji kizima kilikula," bibi alisema. "Nami niliketi ndani kusubiri mtu aje. Kwa desturi yetu ya zamani, aliyekosa huleta nguruwe, akamchinjia uani kwa aliyemkosea, akasema kosa lake kwa mdomo wake. Mwaka ukapita. Ukaja mkutano wa uamsho. Van Hmung akasimama mbele ya kanisa, akalia, akatubu kwamba ameua fahali asiye wake. Kanisa zima likalia, likamsamehe, likaimba. Mimi nilikuwa hapa nasikia wimbo. Nikauliza, wanaimba nini leo kwa furaha vile? Nikaambiwa, wamemsamehe Van Hmung fahali wako." Akavuta kiko. "Nikazikunja nguo nikazirudisha sandukuni. Watu wanaosamehe kitu kisicho chao, mwanangu, kesho watagawa na mali isiyo yao."

Hrang Kio alishuka kilima siku hiyo akiwa na jina hilo kichwani. Pu Van Hmung ndiye aliyembatiza. Ndiye pia aliyemlipia karo ya chuo. Alimwambia mkewe, Par Iang, na Par Iang akasema, "Kumbe hujui? Mama yangu alikula paja." Halafu akaendelea kupalia mahindi.

Jumanne iliyofuata Hrang Kio alipofika na kuni zake alikuta uani kwa bibi mna watu. Shemasi Bawi Nung wa Kanisa la Juu, mtu mwembamba mwenye mdomo mkali, alikuwa ameleta blanketi jipya la kufumwa, ngoma, na wasichana wanane wa kwaya. Ngoma ilikuwa imeshaanza. Bibi alikuwa barazani anatikisa kichwa kwa mapigo, blanketi halijaondoka mikononi mwa Bawi Nung.

"Shemasi," Hrang Kio akasema, "Jumanne ni siku yangu."

"Siku ni za Bwana."

"Bwana ana siku saba. Hii moja amenipa mimi."

"Amekupa lini? Miezi miwili unapasua kuni, bibi wa watu bado yuko gizani. Wewe ni mwinjilisti au mtema kuni?"

"Na wewe unamnunua na blanketi."

"Mwenye baridi anafunikwa. Nyie mnafunika viti."

Wasichana hawakuambiwa waache, kwa hiyo waliendelea kuimba. Wanaume wale wakaanza kutupiana maandiko, kwanza kwa sura na mstari, baadaye kwa ukoo. Bawi Nung akasema ukoo wa Hrang Kio wote ni watu wa kuvunja mabega, na injili haijapata kuwaingia zaidi ya ngozi. Hrang Kio akasema, "Rudia." Bawi Nung hakurudia. Alimzaba kofi la shavu la kushoto, kofi la kiganja kizima lililosikika mpaka kisimani.

Hrang Kio alisimama. Miaka kumi na saba alikuwa akihubiri juu ya hatua hii, na sasa imefika. Akageuza uso taratibu, akatoa shavu la kulia. Bawi Nung, ambaye naye alilijua fungu lile vizuri, akalizaba na hilo.

Wasichana walikuwa wamefika kwenye kiitikio.

"Mashavu yameisha," Pi Ngun Cer alisema kutoka barazani, kama mtu anayesema mvua imeanza.

Hrang Kio hakukumbuka kuamua lolote. Alikumbuka mkono wake ukishika mkanda wa Bawi Nung, nyonga yake ikiingia chini, na uzito wa mtu ukiwa mwepesi ghafla, kama zamani. Shemasi alipaa. Alipita juu ya mtungi wa pombe kwa mwili, akauangusha kwa mguu, akavunja ua, akatua katika banda la nguruwe. Nguruwe jike akatoka kupitia tundu lile lile na kushukia bondeni. Mtungi ukapasuka vipande vitatu. Kifundo cha mkono cha Bawi Nung kikageuka upande usio wake.

Ndipo kwaya ikanyamaza.

Hrang Kio alimtoa Bawi Nung bandani, akamfunga mkono kwa fimbo na kitambaa kama walivyofungana enzi za mieleka, akambeba mgongoni mpaka kwa mganga wa zahanati. Jioni alikaa nje ya nyumba yake akitazama viganja vyake. Kilichomtisha hakikuwa hasira. Hasira alikuwa anaijua na kuiombea. Kilichomtisha ni kwamba alipomwinua yule mtu alisikia raha, raha safi ambayo hajaisikia katika ibada yoyote.

Jumapili Kanisa la Juu lilihubiri juu ya mashahidi waliopigwa kwa ajili ya imani, Bawi Nung akiwa benchi la mbele na mkono shingoni. Kanisa la Chini lilihubiri kwamba hata Bwana alipindua meza hekaluni. Baada ya mahubiri Pu Van Hmung akamwita Hrang Kio mbele.

"Ndugu yetu amechokozwa," alisema, "lakini amepungukiwa. Aseme neno la toba, tumsamehe, tufunge habari hii. Jubilei imebaki wiki tano."

Watu walikuwa wameshafungua vitabu vya nyimbo. Hrang Kio akaona ukurasa ulikuwa ule ule kwa wote, maana yake walishaambiana mapema.

"Naomba msinisamehe," akasema.

Vitabu vikashuka.

"Nimemvunja Bawi Nung mkono. Nimevunja mtungi wa Pi Ngun Cer na ua wake, na nguruwe wake hajarudi. Nyinyi sijawavunjia kitu. Mkinisamehe leo, mimi nitaimba nanyi, na yule bibi atakaa pale juu asikie wimbo. Ameshausikia mara moja."

Kupitia madirisha ukasikika wimbo wa Kanisa la Juu. Wenye umri walitazama sakafu. Vijana walitazama wenye umri. Pu Van Hmung alikuwa mweupe kama karatasi ya hotuba yake.

"Kaa chini, mwinjilisti," alisema.

"Nakwenda, Pu."

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Nguruwe pekee aliyefaa alikuwa wa Par Iang, aliyemlea tangu alipokuwa wa kubebwa kikapuni.

"Dhambi yako, nguruwe wangu," Par Iang alisema.

"Nitakulipa."

"Utanilipa na nini, na mashavu?" Alimtazama mumewe, ambaye mashavu yake yalikuwa bado yamevimba. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta macho. "Mchukue. Lakini nakwenda nawe. Nataka nisikie mwenyewe utasemaje, maana kwa kusema hujambo, kwa kusema kosa lako sijawahi kukusikia."

Wakapanda, nguruwe akipiga kelele kamba miguuni. Hrang Kio alimchinja uani, mbele ya ua uliovunjika. Akasema kwa mdomo wake alichofanya. Par Iang alipomkazia macho akaongeza kwamba alisikia raha kufanya. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Hilo la raha ndilo nililoliona," alisema. "Nimekusikia. Mtungi ulikuwa na ufa toka zamani. Nguruwe wangu karudi jana. Ua utanijengea."

Walipokuwa wanababua nguruwe akatokea Bawi Nung, peke yake, bila kwaya, na mtungi mpya kwapani mwa mkono mzima.

"Mimi ndiye niliyeanza kupiga," alisema, huku akitazama mti. "Na blanketi nilitaka ubatizwe ndipo nikupe. Lilikuwa na sharti."

"Nililiona halikutoki mikononi," bibi alisema. "Kaa. Utakula na mkono gani?"

Hrang Kio ndiye aliyemkatia nyama.

Habari ilishuka mteremko kabla moshi haujatulia. Katika mkutano wa akina mama Par Iang aliuliza, kwa upole tu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kwamba hivi yule fahali mwenye soksi nyeupe alichinjiwa nguruwe gani. Kesho yake akina mama wa Kanisa la Juu nao wakauliza. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka makanisa yale mawili kukubaliana kwa jambo. Pu Van Hmung akatuma mjumbe kwa bibi kwamba suala lile ni la zamani, tena Bwana ameshalisamehe.

"Bwana hakuwa na fahali," bibi alimjibu mjumbe. "Fahali alikuwa wangu. Mwambie hivyo hivyo, usipambe."

Wazee wa Kanisa la Chini wakakaa kikao. Wakamsimamisha Hrang Kio uinjilisti mpaka Krismasi, kwa kupigana na kwa kukataa msamaha wa kanisa, kosa ambalo halikuwa na jina katika katiba yao, ikabidi waliandike kwa mkono pembeni. Hakukata rufaa. Alipelekewa barua na mtu yule yule aliyekuwa akimpelekea posho, na Par Iang akaitumia kuwashia moto.

Jubilei ikafika. Wageni wakaja, wakalishwa. Pu Van Hmung akasimama na hotuba yake, akafika kwenye sentensi aliyoipenda, akasita. Watu wote walijua yuko wapi, hata waliokuwa hawajui kusoma. Akairuka. Hotuba ikawa fupi, na wageni wakaisifu.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Hrang Kio alikuwa uani kwa bibi anamalizia ua. Alisikia kengele ya mbao ya mnyama. Pu Van Hmung alikuwa anapanda njia ya kisima akivuta sia jike mchanga, miguu myeupe, mnyama asiyependa kamba, kwa hiyo mzee yule wa sabini na mbili alikuwa ametapakaa tope mpaka magotini. Hrang Kio alitaka kwenda kumsaidia. Bibi akamgonga na kiko begani.

"Mwache avute."

Mzee akafika, akafunga kamba kwenye nguzo mpya. Alihema muda mrefu.

"Nilimpiga risasi mimi," alisema mwishowe. "Nilijua ni wako. Alikuja mwenyewe mpaka karibu. Alidhani nina chumvi."

Uso wa Pi Ngun Cer, ambao Hrang Kio hakuwahi kuuona ukibadilika, ulijikunja. Bibi alitazama bonde.

"Hilo la chumvi sikulijua," alisema.

"Sijapata kumwambia mtu. Kanisani nililia, lakini hilo sikulisema."

Hrang Kio na nyundo yake hakujua aendelee kugonga au aondoke. Bibi hakusema amesamehe. Alimwambia Van Hmung anawe miguu pale kwenye pipa, kisha akamwambia mrija uko pale na mtungi uko pale. Mwenyekiti wa wazee wa Kanisa la Chini alitazama huku na huku, akainama, akavuta. Hrang Kio alikuta ghafla kuna msumari wa kupigwa upande wa nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo mambo yalirudi kuwa mambo. Makanisa yalibaki mawili, ngoma ilibaki juu na viti vilibaki chini, na kifundo cha Bawi Nung kilipona ila kilitabiri mvua. Hrang Kio aliendelea kupanda na kuni kila Jumanne. Alikuwa amezoea, na nyumbani kwake kuni zilikuwa nyingi. Waliongea habari za mahindi, za ngiri, za watoto wa watu walioenda Malesia. Yesu hakumtaja.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi bibi akamtazama kwa muda.

"Wewe mbona huniulizi tena?"

"Kuuliza nini, bibi?"

"Hilo la kubatizwa. Ulikuwa huishi kuniuliza. Umechoka nami?"

"Nimesimamishwa. Siruhusiwi kuuliza mtu."

"Mpaka lini?"

"Krismasi."

Pi Ngun Cer akavuta kiko, akafikiri, akatazama chini bondeni ambako mto ulipita kati ya mawe.

"Krismasi maji yale yataniua kwa baridi," alisema. "Kawaambie wakufungulie mapema."